Tundu la Pini

Siku ya tatu baada ya kuwekewa mpira shingoni, sista wa chumba cha kusafisha damu alinikalisha kwenye kiti cha plastiki akanifundisha kuogopa. Mimi mwenyewe ni mwalimu, nafundisha darasa la nne huku Kihonda, mjini, na najua somo lililofundishwa vizuri linavyokaa kichwani. Lile lilikaa.

"Mwalimu, nisikilize," alisema. Alikuwa mama wa makamo, mnene kidogo, mwenye sauti ya chini. "Huu mpira umepita kwenye mshipa mkubwa wa shingo, na ncha yake imeishia karibu na moyo. Huku nje una mikia miwili, mwekundu na wa bluu. Kila mkia una kibanio chake na kifuniko chake. Hivi havifunguliwi na mtu yeyote isipokuwa sisi hapa. Usiuloweshe. Usiuvute. Usiulalie. Na usiende mbali na hospitali."

"Na ukifunguka kwa bahati mbaya?"

"Damu itatoka. Na kama umesimama, ukavuta pumzi kwa nguvu, hewa itaingia." Akanitazama kuona kama nimeelewa. "Hewa haina kazi ndani ya moyo, mwalimu. Likitokea lolote, kunja mrija, ubane kwa vidole, lala ubavu wa kushoto, kichwa kiwe chini kuliko miguu. Halafu nipigie simu."

Akanitaka nirudie. Nikarudia kama mtoto aliyesimamishwa ubaoni.

Figo zangu zilikufa kimyakimya. Kwa miaka nilikuwa na presha, na vidonge nilimeza siku nilizokumbuka. Miguu ilipovimba hadi viatu vya kazini vikakataa kuingia, daktari aliniambia kwamba damu yangu itabidi isafishwe kwa mashine, Jumanne na Ijumaa. Wakanifanyia upasuaji mdogo mkononi, wakaunganisha mishipa miwili ili upatikane mmoja mnene wa kuchomea sindano. Lakini mshipa ule ulihitaji wiki kadhaa kukomaa, na mpira wa shingoni ulikuwa wa kunivusha kipindi hicho.

Mama yangu sikumwambia.

Anaishi Mgeta, juu kabisa milimani, mahali ambapo ukitoka barabarani unapanda kwa miguu karibu saa nzima kabla hujaona bati la nyumba yetu. Analima kabichi, karoti na njegere kwenye matuta yaliyokatwa ubavuni mwa mlima. Kaka yangu aliumwa tumbo huko nyumbani, akashuka kwenda hospitali akitembea mwenyewe, akarudishwa amefunikwa. Tangu hapo mama hataji neno hospitali. Anasema "kule." Nilijiambia namlinda. Ukweli ni kwamba niliogopa kuuona uso wake akisikia kwamba na mimi naenda "kule" mara mbili kwa wiki.

Basi nikaacha kwenda kumwona. Sikukuu ikapita, nikasema nina mitihani ya kusahihisha. Msiba wa jirani ukapita, nikatuma salamu. Mwishowe alinitumia ujumbe kupitia kwa mjomba, kaka yake: kama amenikosea, nimsamehe, ila nisimwache bila kumwambia kosa lake. Nilisoma maneno yale kwenye simu nikiwa kitandani kwenye mashine, nikalia mpaka sista akaja kuangalia kama napata maumivu.

Shule zilipofungwa, nilisafishwa damu Jumanne, na Jumatano asubuhi nikapanda Mgeta. Sikumuaga sista. Nilijua angesema nini. Nilivaa gauni lenye kola ndefu, nikajitanda mtandio mzito juu yake, nikaufunga begani kwa pini ili usiteleze ukaonyesha mikia ile miwili. Mkoba wangu wa bandeji na plasta niliuacha Kihonda, maana mama hupenda kunipangia vitu vyangu na angeuona.

Nilipofika, nilimkuta anachambua njegere.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Akanishika mikono yote miwili, akanitazama usoni kwa muda mrefu. "Umekonda. Na rangi yako imekuwa ya majivu."

"Kazi nyingi, mama."

Usiku ule sikusema. Nilipanga kusema baada ya chakula, nikaahirisha. Nikapanga kusema baada ya rozari, nikaahirisha tena. Nililala chali na mtandio wangu shingoni, nikijidanganya kwamba asubuhi ndiyo mwafaka.

Asubuhi niliamka kabla ya ukungu kupanda. Chumbani hamna kioo. Nikajitanda mtandio upya, nikatafuta pini kwa kupapasa, nikaichomeka na kuifunga. Niliisikia inapita kwenye kitambaa kwa ugumu kidogo kuliko kawaida. Nilidhani ni mikunjo.

Mama alitaka kunionyesha karoti zake. Tulipanda kijia kinachoelekea kwenye matuta ya juu, yeye mbele, mimi nyuma nikihema. Katikati ya njia nikaanza kukohoa, kikohozi kikavu kisichokuwa na sababu. Kifua kikabana. Nikasimama. Kila nilipovuta pumzi nilisikia kama kitu kidogo kinanong'ona karibu na sikio langu la kulia, mlio mwembamba, na nilipokohoa mlio ukakatika na jasho la moto likanitiririka kifuani.

Mama aligeuka.

"Mwanangu," alisema, "una damu."

Nikautazama mtandio. Ulikuwa wa rangi ya maziwa, na upande wa kulia ulikuwa mwekundu tayari. Nikaelewa yote kwa mara moja, mlio na jasho na pini iliyokuwa imeutoboa mpira. Nililala pale pale kando ya kijia, kwenye tuta la karoti, ubavu wa kushoto, kichwa upande wa bondeni. Vidole vyangu vikafungua pini. Nayo ilipotoka, damu ikaja zaidi.

Mama aliuvuta mtandio akauona mpira: bandeji shingoni, uzi mweusi ulioshonwa kwenye ngozi, mikia miwili ya plastiki. Hakupiga kelele. Aliinama karibu kabisa.

"Nani kakuwekea kitu hiki?"

"Hospitali. Mama, figo zangu zimekufa. Shika simu yangu, mpigie sista, jina lake liko juu kabisa."

"Tangu lini?"

"Mama, mpigie."

Kibanio cha mkia mwekundu kilikuwa kimefungwa vizuri, lakini tundu la pini lilikuwa kati ya kibanio na shingo, mahali ambapo kibanio hakisaidii kitu. Kipande kilichobaki kati ya tundu na ngozi hakikuzidi upana wa vidole viwili. Nilikikunja, nikakibana kwa kidole gumba na cha shahada. Damu ikasimama.

Sauti ya sista ikaja ikikatikakatika. Nilimweleza niliko.

"Mgeta?" alisema. "Mwalimu, Mgeta?" Halafu akaivuta sauti yake ikawa ya kazi. "Haya. Umelala ubavu gani?"

"Wa kushoto."

"Kichwa kiko chini? Vizuri. Umekunja? Usiachie. Usifunge kwa uzi, utakata mrija ukabaki huna pa kushika. Usiinuke kukaa wala kusimama. Waambie wakubebe. Mimi nakungoja. Kifua kinauma?"

"Kidogo."

"Vuta pumzi polepole. Usiongee na mtu tena."

Mama alikimbia nyumbani akarudi na kibanio cha kuanikia nguo. Lilikuwa wazo zuri. Lakini kile kibanio cha plastiki kilikuwa kimekaa juani kwenye kamba mwaka mzima, na alipokibana kwenye mrija kikapasuka vipande viwili mkononi mwake. Nilikuwa nimeshaachia. Kwa kitambo cha kupepesa jicho niliona damu ikiruka juu ya majani ya karoti, na nikakunja tena huku meno yangu yakigongana. Tangu hapo sikuamini kitu kingine chochote isipokuwa vidole.

Mjomba, ambaye mama alimwita alipokimbilia nyumbani, alikuja na wanaume wanne, na machela ya miti miwili na blanketi. Walipotaka kuniinua wakakuta kikwazo. Njia yote ni mteremko, na kichwa changu kilitakiwa kuwa chini.

"Tukitanguliza kichwa atateleza kama gogo," mjomba alisema. "Njia ina utelezi. Akidondoka hapa tutamwokota mtoni."

"Mfungeni kwa kitenge," mama akamjibu. "Sista kasema kichwa chini, basi kichwa kitangulie."

Wakanifunga kifuani na magotini, wakanibeba kichwa mbele. Sijawahi kuogopa namna ile. Nilikuwa nateremka mlima nisiouona, uso umeelekea ubavuni, naona tu miguu ya mtu anayebeba mbele, peku, vidole vyake vikichimba udongo mwekundu, na pembeni yake hewa tupu na vilele vya migomba chini sana. Njia ni nyembamba mno kwa watu wawili kupita pamoja, kwa hiyo mama hakuweza kutembea kando yangu. Alikuja nyuma. Nilimsikia anasali, na katikati ya Salamu Maria anaingiza maswali: "Bado umeshika? Bado umeshika?" Sista alikuwa amenikataza kuongea, nikawa namjibu kwa kupiga mti wa machela kwa mkono wa kushoto, mara moja, maana yake ndiyo.

Karibu na barabara vidole vyangu vikaanza kufa ganzi. Nilivitazama vikiwa vyeupe kama vya mtu mwingine, nikavihimiza kimoyomoyo. Nilifikiria watoto wangu wa darasa la nne, kwamba watapewa mwalimu mwingine na atawakuta hawajamaliza hesabu za sehemu. Ni ajabu jambo linalokujia.

Barabarani kulikuwa na lori linalopakia kabichi za kwenda Dar es Salaam. Dereva alikuwa mtu wa makamo hivi, anafunga turubai. Aliniona, akaona damu, akarudi nyuma.

"Mama, samahani. Mimi nabeba mboga. Akinifia humu ndani nitasema nini?"

"Hafi," mama akasema. "Nimemshika."

Hakuwa amenishika bado. Lakini dereva alimtazama, akatazama ile machela, kisha akapanda mwenyewe juu ya mzigo akaanza kutupa kabichi pembeni. Wakachimba shimo katikati ya zile kabichi, urefu wangu, wakatandika blanketi, wakainua upande wa miguu kwa gunia la karoti. Nikalazwa humo. Mama akaingia akapiga magoti kichwani pangu, na lori likaondoka.

Hatukuwa tumefika mbali nilipomwambia kwamba siwezi tena.

"Vidole vyangu havisikii, mama. Itabidi ushike wewe."

Akaweka kidole gumba na cha shahada juu ya vyangu. Tulikubaliana kwamba nitahesabu mpaka tatu kisha nitatoa vyangu taratibu wakati yeye anabana. Nikahesabu. Nikatoa. Damu haikutoka. Nikafumba macho nikashukuru, na hapo nikamsikia anasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Mwanangu, sisikii kitu. Vidole vyangu vimekuwa magome kwa jembe. Sijui kama nimeushika au nimeshika hewa."

Nikafumbua macho. Ncha za vidole vyake kweli zilikuwa ngumu, zimepasukapasuka, udongo umeingia kwenye nyufa usioondoka hata kwa sabuni. Mrija ule ulikuwa mwembamba kuliko unyasi.

"Umeushika," nikamwambia. "Uangalie kwa macho. Usiangalie kitu kingine."

Akafanya hivyo. Tulipita kwenye kona zile zote, nyingine lori linaegemea hadi kabichi zinabingirika juu yangu, na hakuinua macho hata mara moja. Mvua nyepesi ilianza. Akaivuta turubai kwa mkono mmoja atufunike, macho yake yakiwa pale pale. Chini ya turubai kulikuwa na giza la kijani na harufu ya majani mabichi. Pale ndipo aliponiuliza, bila kunitazama usoni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa ungesema nisiende kule."

Lori likakata kona nyingine, akakaza vidole.

"Ningesema," akakiri. "Halafu ningekuja na wewe."

Tulikuwa karibu kufika kwenye lami lori lilipotumbukia shimoni. Tulirushwa wote. Mkono wa mama ukatoka. Niliisikia damu shingoni, ya moto, na wakati huo huo nikavuta pumzi ya mshtuko, na kitu kikaingia. Siwezi kulieleza vinginevyo. Kifua kilijaa baridi, moyo ukaruka, ukasita, ukaruka tena bila mpangilio, na kingo za turubai zikaanza kuwa nyeusi. Nilimwona mama akinirukia. Alikamata mrija kwa mkono wote, ngumi nzima, shingo yangu ikavutika.

"Kohoa! Kohoa mwanangu!" alipiga kelele. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Nilikohoa. Nikalala na kupumua kama samaki, nikihesabu mapigo, nikingoja lile litakalokosa kuja. Yakaendelea kuja. Taratibu giza likarudi pembeni. Ngumi ya mama ilikuwa imetulia, na hakuifungua tena hadi hospitali.

Sista alikuwa mlangoni na kitanda cha magurudumu. Mkononi alikuwa na kibano cha chuma, kile chenye meno ya kujifunga. Aliingiza ncha zake chini ya ngumi ya mama, akabana, tukausikia mlio wake, kach.

"Sasa achia, mama."

Mama hakuachia.

"Mama, nimeshabana mimi. Achia sasa."

Ilibidi amfungue kidole kimoja kimoja.

Waliniwekea hewa ya oksijeni, wakaniacha nimelala vile vile ubavuni, wakapima moyo mara kwa mara. Daktari alisema hewa iliyoingia ilikuwa kidogo, mwili utaimeza wenyewe. Lakini mpira ule ulikuwa umeguswa na udongo na mikono, hauwezi kubaki. Kesho yake ilikuwa siku yangu ya mashine. Ilibidi waweke mwingine, upande wa kushoto.

Nilimwambia sitaki. Nilisema heri nife kwa figo.

Daktari alikuwa kijana, mdogo kwangu. Alivuta kiti akakaa. "Dada, sitakudanganya. Sindano inaweza kugusa mshipa usio wenyewe. Inaweza kutoboa pafu. Ndiyo maana nitachungulia kwa mashine ya picha wakati naingiza, na nikimaliza utapigwa eksirei kabla mtu hajautumia. Likitokea baya, nitaliona mapema na najua la kufanya. Usipowekwa, kesho sijui la kufanya."

Mama, aliyekuwa ameambiwa angoje nje na hakwenda, akamuuliza, "Wewe umewahi kukosea?"

"Ndiyo, mama," akasema. "Mara moja. Pafu. Nililala hapa wodini na mgonjwa mpaka likafunguka."

Mama akanigeukia. "Huyu akuwekee," alisema.

Nikawekewa. Chini ya kile kitambaa cha kijani walichonifunika uso nilitetemeka mpaka sista akanishika mguu. Eksirei ikatoka safi. Siku mbili baadaye nikapata homa na baridi ya kutikisa kitanda. Damu ikapelekwa maabara, nikachomwa dawa kwenye mshipa wiki mbili, na kila joto lilipopanda niliamini ndio mwisho. Haukuwa mwisho. Mama alikaa nami Kihonda muda wote huo. Karoti zake alizivuna mjomba. Mama alijifunza kunawa hadi viwikoni na kuvaa barakoa kabla hajakaribia shingo yangu, na akawa mkali kwa wageni kuliko sista.

Mshipa wa mkononi ulipokomaa, tulikwenda kutoa mpira. Sista alinilaza, akainamisha kichwa cha kitanda, akakata nyuzi. "Vuta pumzi, toa, kaa hivyo usivute." Nikakaa. Nikausikia ukiteleza ndani yangu, na ukatoka, na kiganja chake kikakandamiza shingo yangu muda mrefu sana, yeye akitazama saa ya ukutani.

Mama aliomba kuuona. Sista akamwonyesha kwenye sinia: urefu wa shibiri, una damu.

"Huu wote ulikuwa ndani?"

"Wote, mama. Mpaka karibu na moyo."

Akautazama. Halafu akatafuta kiti kwa kupapasa, akakaa, na mikono yake ikaanza kutetemeka, kwanza vidole, kisha hadi mabegani. Aliificha chini ya kanga, kanga ikawa inacheza.

"Mama, imekwisha," nikamwambia kutoka kitandani. "Mpira umetoka."

"Najua," alisema. "Ngoja kwanza."

Tukamngoja, mimi na sista, mpaka alipoweza kusimama.